Kobe Mmoja, Hali Nzuri

Zamani katika mji wa Łódź mtu alihama nyumba kwa kupeana mkono na mwenye nyumba na kugonganisha naye gilasi moja ya vodka, na siku hizi anahama kwa kurasa kumi na nne, kila ukurasa na sahihi yake pembeni, na bado anaondoka akitazamwa kama mwizi.

Hieronim Pakuła alikuwa mtu wa zamani hizo. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma katika kiwanda cha pamba, kile cha matofali mekundu ambacho sasa kinauza viatu na aiskrimu. Baada ya kiwanda kugeuzwa maduka aliingia humo mara moja tu. Alimwuliza binti mmoja ilipokuwa karakana namba tatu, na binti akamwelekeza kwenye chupi za kike. Hakurudi tena.

Mkewe Leokadia alipofariki, na jengo walimokuwa wakiishi likarudishwa kwa warithi wa wamiliki wa zamani, ambao hawajawahi kupanda ngazi zake, Hieronim alibaki na vitu vitatu: sanduku la spana, redio, na kobe.

Kobe aliitwa Balbina. Leokadia alimnunua mwaka wa sabini na tisa katika soko la Bałuty, kwa mtu aliyetoka Tashkenti kwa treni, tunda la tikiti kwapani na begi la kobe mkononi. "Huyu atatuzika," alisema Leokadia siku ile, na kwa upande wake alisema kweli. Kila ifikapo Novemba Balbina huacha kula, hujivuta ndani ya gamba na kulala hadi Machi. Usingizi huo unataka baridi isiyofika barafu. Ghala la chini ya jengo lilipopitishiwa mabomba ya maji ya moto, Leokadia alimhamishia kwenye friji, rafu ya chini, ndani ya sanduku la viatu lililojaa majani makavu. Wafugaji wa kobe hufanya hivyo, na hakuna anayeshtuka ila mgeni anayetafuta siagi.

Miaka minne iliyopita, mwezi wa Januari, Hieronim alipanga chumba kwa Bwana Wacław, mpima ardhi mstaafu. Nyumba ilikuwa ghorofa ya chini, ngazi chache kutoka barabarani, vyumba vitatu na jiko moja, na dirisha la jiko lilitazama reli za tramu. Vyumba vingine viwili vilikuwa na wenyewe. Kimoja cha Dobrawa, dereva wa tramu, mwanamke wa miaka arobaini aliyezoea kusema kwa sauti ya kushinda kengele. Kingine cha Kajetan, kijana aliyefanya kazi zake zote kwa kompyuta na kutoka chumbani kwa sababu moja tu, kuchemsha maji.

Bwana Wacław alikuwa na fomu alizopigiwa chapa na mpwa wake. Aliona aibu nazo. "Mpwa wangu Seweryn anasema siku hizi lazima," alisema, akionyesha kifungu cha saba. Kifungu kilisema kwamba mpangaji mwenye mnyama ataweka amana ya zloti mia nane, na atarudishiwa siku ya kuhama, atakapomtoa mnyama wake nyumbani mbele ya mwenye nyumba, bila uharibifu. Hieronim alitoa noti nane za mia. Alimwingiza Balbina kwenye friji kwanza, maana hawezi kungoja kwenye joto, kisha wazee wawili wakakaa mezani, wakagonganisha gilasi, wakanywa.

Ndipo Bwana Wacław alipozunguka nyumba na kalamu yake ya wino akijaza hati ya makabidhiano. Mtu aliyehesabu mawe ya mipaka maisha yake yote haachi kitu. Viti vinne. Pazia moja, limechakaa. Akafungua friji.

"Rafu tatu, droo mbili," akasema akiandika. Akainua kifuniko cha sanduku. "Na huyu?"

"Kobe. Amelala."

"Mzima?"

"Mzima kabisa."

Bwana Wacław akaandika. Hieronim akatia sahihi kurasa zote kumi na nne bila kusoma hata mstari. Alikuwa mtu anayesoma hata karatasi iliyofungiwa samaki, lakini siku hiyo hakusoma, kwa sababu alilelewa hivi: ukishagonganisha gilasi na mtu, kusoma karatasi yake mbele yake ni kumwita mwizi mezani kwake.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema kitu juu ya mali inayopotea kwa sababu imeandikwa daftarini.

Bwana Wacław alifariki mwaka jana majani yalipokuwa yakianguka. Seweryn akarithi nyumba, akapandisha kodi mara mbili kabla ya Krismasi, na wapangaji wote watatu wakatoa notisi ya kuhama mwisho wa Februari. Hieronim alipata chumba Pabianice, mji wa jirani, kwa mjane aitwaye Bi Apolonia. Bi Apolonia alikuwa na masharti mafupi. "Kobe sawa," alisema kwenye simu, "ila nataka mia nane za mnyama mkononi, Jumatatu, kabla ya saa kumi na moja jioni. Usipokuja nazo, chumba nampa mpiga klarineti. Ana kelele, lakini hana kucha."

Pensheni ya Hieronim ilikuwa imekwishagawanywa baina ya dawa na kodi. Mia nane nyingine hakuwa nazo. Asiporudishiwa amana ya hapa, Balbina hataingia kule, na pa kumpeleka hapakuwapo.

Seweryn alikuja Alhamisi. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, amevaa mifuko ya plastiki juu ya viatu, mkononi ana kifaa cha kupimia kuta kwa mwanga mwekundu. Alihesabu viti vinne. Alilitazama pazia, akathibitisha kwamba limechakaa kwa kiwango kilekile. Akafungua friji.

"Rafu tatu. Droo mbili." Akageuza ukurasa wa tisa, akasoma mwandiko wa mjomba wake. "Kobe mmoja, hali nzuri." Akainua kifuniko cha sanduku, akatazama. "Yupo." Akatia alama ya vema.

Hieronim alidhani hakusikia vizuri. "Samahani, kijana. Huyo ni kobe wangu."

"Yumo kwenye orodha ya vitu vya nyumba, Mzee."

"Mjomba wako alimwandika kwa sababu alimkuta ndani."

"Ndivyo vitu vinavyoandikwa, Mzee wangu. Vinapokutwa ndani." Seweryn hakuwa na ubaya usoni. Hilo ndilo linalochosha kwa watu hawa, hawana hata ubaya. "Sasa tuje kwenye kifungu cha saba. Uliweka amana ya mnyama. Mnyama wako yuko wapi?"

"Ndiye huyo!"

"Huyo ni wa nyumba."

Dobrawa, aliyekuwa akifunga vikombe kwenye magazeti, akaacha kazi. "Ngoja, bwana mkubwa, nielewe. Mzee alilipa mia nane kwa ajili ya kobe ambaye ni wako?"

"Alilipa kwa ajili ya mnyama wake. Na ili nirudishe amana lazima nimwone mnyama wake akitoka nyumbani mbele yangu. Imeandikwa." Seweryn akafikiri kidogo, akaongeza kwa upole, "Kwa mujibu wa karatasi, humu mna kobe wawili. Mmoja anabaki, mmoja anatoka."

"Na huyu mmoja akitoka?"

"Basi orodha ina upungufu, na nakata amana."

"Na akibaki?"

"Basi hakuna mnyama aliyetoka, na amana siwezi kuirudisha."

"Mama yangu!" Dobrawa akaketi juu ya boksi la vikombe, na kikombe kimoja kikaalika chini yake. "Nimeendesha tramu miaka kumi na tano, sijawahi kuona reli inayojizunguka hivi."

Seweryn alisema atarudi Jumatatu saa saba mchana kwa makabidhiano ya mwisho. Mlangoni akavua mifuko ya viatu, akaikunja, akaitia mfukoni.

Jioni hiyo wapangaji watatu walikaa jikoni pamoja kwa mara ya kwanza katika miaka minne. Mtu na aone hali ilikofika: kiwandani watu mia mbili walikula supu meza moja na kila mmoja alijua mtoto wa mwenzake anaumwa nini, na hapa watu watatu walitumia choo kimoja miaka minne na Hieronim hakujua kwamba Kajetan ana ndevu. Sasa walikunywa supu ya żurek ya Dobrawa, wakamtazama Balbina kwenye sanduku lake.

"Tubadilishe hati," akasema Hieronim.

"Haibadilishwi bila sahihi ya aliyeiandika, babu," akasema Kajetan. "Na aliyeiandika yuko makaburini."

"Angekuwepo angecheka."

"Angecheka, halafu angetia alama ya vema. Wote ni ukoo mmoja." Kajetan akausoma ukurasa wa tisa tena kwenye simu yake, maana alikuwa ameupiga picha. Akaiinamia picha ile, na ukimwona kobe ameinama ujue anatunga sheria. "Babu," akasema mwishowe, "hapa pameandikwa 'kobe mmoja, hali nzuri'. Hapajaandikwa kwamba yu hai."

Dobrawa akaweka kijiko chini.

Jumapili asubuhi walikwenda soko la vitu vikuukuu, wote watatu. Hieronim hakupenda. Alitembea nyuma yao kati ya meza zenye medali za watu wasiojulikana, saa zisizotembea na picha za harusi zinazouzwa kwa sababu ya fremu, akiona aibu kama mtu aliyetumwa kuiba. Dobrawa ndiye aliyekipata: kobe wa kauri, kahawia, ukubwa wa sahani ya supu, kichwa na miguu vimevutwa ndani. Chini alikuwa na tundu, maana zamani alikuwa kopo la kuwekea sarafu.

"Zloti ngapi huyu bubu?" Dobrawa alimwuliza muuzaji.

"Arobaini."

"Arobaini kwa kobe asiye na kichwa?"

"Kichwa kimo ndani, mama. Amelala."

Hieronim alilipa ishirini na tano. Balbina tayari alikuwa ametolewa kwenye friji tangu Ijumaa, amewekwa karibu na kipasha joto cha ukutani ili aamke polepole. Kobe wa kauri akalazwa mahali pake kwenye rafu ya chini, akafunikwa majani hadi ukingo wa gamba.

Jumatatu Seweryn alifika saa saba kamili. Akavaa mifuko yake ya viatu. Akapita vyumbani, akafungua friji, akainua kifuniko cha sanduku la viatu. Hieronim alishika mgongo wa kiti. Seweryn aligonga gamba kwa ncha ya kalamu. Tok, tok.

"Mgumu," akasema.

"Ulitaka awe laini?" akauliza Dobrawa. "Ni kobe, bwana mkubwa, si mkate."

"Wa baridi."

"Yuko kwenye friji."

Seweryn akatikisa kichwa kukubali, akatia alama ya vema, akafunga friji taratibu ili asimwamshe. Kisha akageuka. "Sasa mnyama wa mpangaji."

Hieronim akamweka Balbina mezani kwa mikono miwili. Balbina alikuwa bado amejivuta ndani, macho yamefumba, mguu mmoja tu umechungulia. Seweryn alimtazama kwa mashaka makubwa. Akasogea kushoto, akasogea kulia.

"Mzee wangu, usinielewe vibaya. Lakini nitajuaje kwamba huyu ni mnyama?"

Nje tramu ikasikika ikikata kona.

"Unasemaje?" akauliza Hieronim.

"Hasogei. Hapumui kwa kuonekana. Kuna watu wanaleta vitu tu, wanasema ni mnyama, ili wapate amana. Nimesoma kwenye mtandao."

Kajetan aliingia chumbani mwake ghafla akafunga mlango, na kutoka ndani ikasikika sauti ya mtu aliyeuma mto. Dobrawa alikuwa amegeukia dirishani, mabega yakimtetemeka. Hieronim peke yake hakucheka. Ilikuwa saa nane kasoro robo. Basi la Pabianice lilikuwa la saa tisa na nusu. Alichukua beseni, akatia maji ya vuguvugu, akayapima kwa kiwiko kama Leokadia alivyokuwa akipima kila Machi, akamtumbukiza Balbina ndani hadi nusu ya gamba.

Wakangoja. Hakuna mwenye nyumba aliyewahi kungoja kobe namna ile. Seweryn alikaa kwenye mojawapo ya viti vinne, mikono magotini, haondoi macho kwenye beseni. Zikapita dakika kumi. Zikapita ishirini na tano. Dobrawa akaondoka kwenda kazini, akasema kwa heri ngazini kwa sauti iliyosikika hadi barabarani: "Mzee, nikipita nitapiga kengele!"

Dakika ya arobaini Balbina alitoa kichwa. Kwanza pua, kisha jicho moja, kisha la pili, shingo yote yenye mikunjo ikarefuka kama soksi ya zamani, akamtazama Seweryn kama mwanamke aliyeamshwa na mtu asiyemjua. Halafu akakojoa beseni zima.

"Ni mnyama," akasema Seweryn, akaandika. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ana miaka mingapi?"

"Zaidi yako."

"Ni mzuri." Akaona haya kidogo. "Basi, Mzee, kila kitu kiko sawa. Amana itaingia kwenye akaunti yako ndani ya siku thelathini."

Hieronim alisimama na taulo mkononi. Siku thelathini. Mpiga klarineti angekuwa amekwishamaliza kutundika mapazia. Alimkausha Balbina, akamweka kwenye kikapu, akafungua kabati la juu na kushusha chupa iliyobaki theluthi moja.

"Mjomba wako," akasema, "alipokea mia nane zangu mkononi, juu ya meza hii, na chupa hii ilikuwa kati yetu. Noti nane. Kama wewe ni mrithi wake, urithi na hilo."

Seweryn aliitazama chupa. "Naendesha gari, Mzee."

"Gilasi moja. Au uniambie kwamba Wacław hakuacha mrithi, ameacha karani."

Maneno hayo yalimwingia. Labda hakuna aliyewahi kumwita chochote kibaya, alikuwa amezoea kuandikiwa tu. Akavua mifuko ya viatu. Akashuka, akaenda kwenye mashine ya benki ya pembeni, akarudi na noti nane, akaziweka mezani. Hieronim akamimina. Wakagonganisha. Seweryn akanywa yote mara moja kama mjomba wake, akakohoa, machozi yakamtoka, akacheka, na kwa kitambo kidogo alifanana na mtu. Akasukuma hati upande wa Hieronim na kuweka kalamu juu yake. Sahihi zake zilikuwa tayari kurasa zote kumi na nne. Ukurasa wa tisa hata hakuuangalia tena.

"Tia sahihi, Mzee, uwahi basi lako."

Hieronim akatoa miwani mfukoni. Akaifuta, akaivaa, akaanza kusoma.

Alisoma ukurasa wa kwanza. Akasoma wa pili. Gilasi yake ilikuwa mbele yake, na ya kijana mbele ya kijana.

"Huniamini, Mzee?" akauliza Seweryn. Hakuwa na hasira. Aliumia kidogo, kama mwenyeji aliyeandaa chakula akaona mgeni anakinusa.

"Nakuamini," akasema Hieronim. "Nasoma tu."

Akasoma zote kumi na nne, kidole kikitembea chini ya kila mstari, viti, pazia, rafu, droo, kobe mmoja hali nzuri, kifungu cha saba kimetekelezwa, zloti mia nane zimepokelewa mkononi. Hakukuwa na kosa hata moja. Hilo ndilo lililomwuma kuliko yote. Kijana aliyelelewa na fomu alikunywa na kuamini, akiwa na kauri kwenye friji yake, na yeye Hieronim, mtu wa kupeana mkono, ndiye aliyeweka kopo la sarafu pale na ndiye aliyesoma juu ya gilasi. Akatia sahihi. Wakapeana mkono, na mkono wa Hieronim ndio uliokuwa wa baridi zaidi.

Alifika kwa Bi Apolonia saa kumi na moja kasoro dakika sita. Bi Apolonia alihesabu noti mara mbili, akalamba kidole kati ya hesabu ya kwanza na ya pili, na Balbina akaingia.

Hieronim hakuwahi kurudi kwenye nyumba ile. Lakini mwezi wa Mei alikuja mjini kununua tembe za moyo, na Dobrawa akampandisha kwenye tramu yake bila tiketi, akamsimamisha karibu na kioo cha mbele. Walipofika mbele ya nyumba taa ikawa nyekundu, na Dobrawa akapiga kengele kwa desturi.

Dirisha la jiko lilikuwa wazi. Ndani alikuwapo Seweryn, na wapangaji wapya wawili, mume na mke, vijana, wote watatu wameinama mbele ya friji iliyofunguliwa. Sanduku la viatu lilikuwa juu ya kiti. Yule mwanamke alishika jani la saladi, akalisogeza karibu kabisa na gamba, polepole, asimtishe. Mumewe alikuwa na beseni la maji. Seweryn alikuwa ametazama saa yake na kuinua kidole, kama mtu anayewaambia wenziwe wawe na subira, kwamba yeye alishaona, kwamba huchukua hata dakika arobaini.

Taa ikawa kijani. Hiyo ndiyo mara ya mwisho aliyowaona.